Vipimo vya Saa Tatu na Saa Tisa

Kituoni, 4 Machi

Mdogo wangu,

Asubuhi mawingu mazito upande wa mashariki, upepo hafifu, mvua ya usiku milimita kumi na nne. Najua utacheka kwamba naanza barua kama taarifa ya kazini, lakini nisipoanza hivyo mkono unagoma.

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baba mzima. Tangu astaafu kazi ya viatu, anashona vya watu ambao hawakumwomba. Jirani akivua vyake mlangoni anavikuta vimeongezwa soli. Wiki iliyopita alimwambia mkaguzi wangu usoni kwamba kazi ya kituo cha hali ya hewa ni kupima mvua iliyokwisha kunyesha, "na hilo hata kuku aliyelowa anaweza." Mkaguzi alicheka mpaka akasahau kukagua. Wewe je, na tanuri lako? Hao wajenzi wa bwawa bado wanamaliza mikate mia nne kwa siku, au sasa wanakula na meza?

Habari za mwanao. Nakuandikia mwenyewe usije ukazisikia kwa mtu mwingine. Chiriku alishikwa na mafua tarehe 20 Februari. Mafua ya kawaida, darasa zima wanayo. Tarehe 26 akapata nafuu, akaanza tena kelele zake tangu alfajiri, Baba akasema afadhali mafua. Tarehe 28 yakarudi. Safari hii kamasi ni nzito, za kijani, zaidi upande wa kushoto, na uso unamuuma akiinama kufunga kamba za viatu. Ana homa kidogo. Usiogope. Nampa dawa ya maji ya kushusha homa mara tatu kwa siku, na nampima kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, nikitoka tu kusoma vipimo vya kituo, ili nisisahau. Kila namba iko kwenye daftari. Nimekunakilia ukurasa mzima uone kwa macho yako: 37.2, 37.0, 37.3, 37.1. Hakuna kipimo hata kimoja kilichofika 38.

Tarehe 2 nilimpeleka zahanati. Tabibu, yule kijana wa miwani, alisoma daftari kabla hata ya kumtazama mtoto. Akasema, "Mama, wagonjwa wote wangeletwa na daftari kama hili, ningekuwa nafunga saa sita." Akasema homa hamna, ni mafua yanayochelewa kuaga. Katupa matone ya pua, turudi baada ya wiki.

Naishia hapa kwa kuwa lori la mahitaji yenu linaondoka kesho alfajiri. Vaa soksi, najua huvai.

Dada yako

Nyongeza. Leo kaamka na kope la juu la jicho la kushoto limevimba na kuwa jekundu. Nadhani ni mbu.


Hospitali, 9 Machi

Mdogo wangu,

Kumekucha kweupe, hakuna wingu. Nimeiona mbingu kupitia dirisha moja tu, la mwisho wa korido.

Pokea salamu. Baba yuko hapa nami kwenye benchi, kofia ameiweka magotini na anaizungusha tangu asubuhi. Hajafanya mzaha hata mmoja leo, kwa hiyo utaelewa.

Hakuwa mbu. Tarehe 5 Chiriku aliamka jicho limefumba kabisa, limevimba kama mtu aliyepigwa ngumi. Nililifungua kwa vidole, nikamwambia atazame upande wa mlango. La kulia liligeuka. La kushoto halikugeuka, na akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake. Dereva wa kituo alitufikisha hapa kwa saa mbili.

Daktari wa pua alinieleza taratibu, akichora kwenye karatasi. Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vidogo vya hewa, vinaitwa sinasi. Mafua yakikaa, vyumba vinaziba na kujaa usaha. Kati ya chumba cha pembeni mwa pua na tundu la jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi ile aliyokuwa akichoria. Kwa watoto wengi mafua huishia puani. Kwa wachache usaha huvuka. Kwa Chiriku umevuka.

Walimlaza siku hiyohiyo. Dawa ya kuua vijidudu inapita mshipani, usiku na mchana. Kila baada ya saa nne nesi anamfunika jicho la kulia kwa kiganja, anamwonyesha kizibo chekundu cha chupa na kumuuliza rangi. Siku ya kwanza Chiriku alimjibu, "Nyekundu. Kwani nyie hamjui rangi mpaka muulize wagonjwa?" Wodi nzima ilicheka. Jana jioni alikitazama kizibo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nyekundu, ila imepauka, kama nguo iliyofuliwa sana." Nesi hakucheka. Alitoka mbio.

Walimpiga picha ya kichwa kwenye mashine ya duara. Usaha umekusanyika kati ya mfupa na jicho, unalisukuma jicho nje. Daktari kasema usipotolewa leo mshipa wa kuonea utakufa, na hata ubongo hauko mbali na hapo. Watapita ndani ya pua, hawatamchana uso. Nilipomwambia Chiriku aliuliza, "Mama mkubwa, wanapita kimyakimya kama wezi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi waibe usaha tu, pua waniachie."

Aliingia chumba cha upasuaji saa nne na dakika tano.

Utauliza kwa nini sikukutumia ujumbe wa redio tarehe 5. Nilitaka nikuandikie akiwa amepona.

Daktari naye alisoma daftari langu. Aliuliza kama kweli homa haikupanda kabisa siku zile za mwanzo. Nilimwambia namba ni hizo. Hapa nesi kabla ya kumweka kipimajoto huniuliza kwanza dawa ya homa amekunywa saa ngapi. Ana safu yake maalumu kwenye karatasi.

Sasa ni saa sita kasoro robo. Baba lazima aondoke ndipo aiwahishe barua kwenye lori. Mlango bado umefungwa. Sijui nimzuie au nimpe. Nampa.

Dada


Kambini, 12 Machi

Shikamoo Dada,

Hali ya hewa ya huku waulize wenyewe, mimi naijua ya tanuri tu: kali, bila upepo. Barua yako ya tarehe 4 imenifikia tarehe 8 ikiwa imelowa pembe zote. Wasalimie. Mwambie Baba viatu vyangu vimetoboka na safari hii namwomba rasmi.

Mimi mzima, ila uzima wa mguu mmoja; wa pili uko huko kwenu. Likizo yangu ilikuwa iwe Machi, sasa ni Aprili. Ndiyo mambo ya kambi.

Dada, ukurasa wa daftari lako ni mzuri, ungeweza kutundikwa ukutani. Lakini nimeusoma mara sita na kuna kitu kinaniwasha. Wewe unamjua Chiriku, na mimi ndiye niliyemzaa. Huyu akiwa na homa huchemka jioni mpaka ukimfunika shuka unaogopa shuka. Sasa homa gani hii inayokaa 37 asubuhi na alasiri kama mfanyakazi wa ofisi? Tanuri letu lina kipimajoto mlangoni. Fundi mkuu wangu siku ya kwanza alinichapa kijiti cha vidole: "Usisome ukishafungua mlango! Hapo unasoma baridi uliyoingiza mwenyewe!" Basi niambie. Unapima saa tatu na saa tisa, sawa. Dawa ya homa unampa saa ngapi? Nijibu hilo tu, Bibi Kipimo wangu, nilale.

Na mbu gani huyo anayechagua jicho la upande uleule wa kamasi? Mrudishe zahanati. Usingoje wiki. Mwambie tabibu mama yake kakataa.

13 Machi. Barua ilikuwa bado haijafungwa nilipoitwa ofisini. Karani alinisomea ujumbe wako wa redio kwa sauti ileile anayosomea oda ya unga: "MTOTO HOSPITALI. JICHO. AMEPASULIWA. YUPO HAI."

Yupo hai! Dada, nani alikuwa na habari kwamba kulikuwa na shaka ya uhai? Kwenye barua nimekuacha na mtoto mwenye mafua. Nilikaa chini palepale sakafuni mwa ofisi. Karani akasema, "Mama, kuna kiti." Nilikiona kiti.

Nilikwenda kwa mkuu wa magari. Daraja limechukuliwa na maji usiku wa tarehe 9. Lori liko ng'ambo na mahitaji yote. Kinachopita ni kile kijindege cha wahandisi, kila Jumamosi, viti vinne, na kesho wanapanda mhandisi mmoja na vibarua watatu walioangukiwa na jiwe. Mfuko wa barua una nafasi. Mimi sina. Kwa hiyo karatasi hii itafika na mama hatafika.

Niandikie kila kitu. Usinichagulie.

Mdogo wako


Hospitali, 17 Machi

Mdogo wangu,

Asubuhi manyunyu, yamekatika saa tatu. Barua yako imenifikia jana, na natumaini sasa unayo ile yangu ya tarehe 9, ingawa nasikia ilikwama na lori.

Salamu za Baba. Amekuja na viatu vyako vipya ndani ya mfuko, kavishona kwa kukumbuka mguu wako tu. Anasema visipokutosha, mguu ndio uliobadilika.

Nakuandikia kila kitu kama ulivyosema. Upasuaji ulichukua saa tatu. Walitoa usaha mwingi, daktari alinionyesha kwenye chupa. Jicho lilirudi mahali pake siku hiyohiyo. Tarehe 12 kizibo kikawa chekundu kabisa. Tulidhani tumevuka.

Tarehe 14 jioni alianza kulalamika kichwa, paji la uso, hapo juu ya nyusi. Akatapika mara tatu. Tarehe 15 alilala mchana kutwa na nilipomwamsha ale aliniambia, "Niache," neno moja, halafu basi. Mdogo wangu, mtoto huyu hajawahi kusema neno moja halafu basi. Nilimwita nesi. Wakampiga picha nyingine. Kuna usaha mdogo umejipenyeza ndani ya fuvu, juu ya utando unaofunika ubongo, mkubwa kama punje ya haragwe. Ndani ya ubongo wenyewe haujaingia.

Daktari wa ubongo ni mama mmoja mfupi anayeongea polepole. Kasema haragwe dogo la namna hiyo wakati mwingine hunyauka kwa dawa peke yake, na wakati mwingine hukua. Wameongeza dawa ya tatu mshipani. Kesho tarehe 18 wanarudia picha. Likiwa limekua hata kidogo, watafungua fuvu kesho hiyohiyo. Wameniletea karatasi ya ruhusa mapema ili muda usipotee. Mahali palipoandikwa "mzazi" nimeweka jina langu.

Usiku na mchana nesi anamwamsha na kumuuliza jina lake, yuko wapi, na amkamate vidole kwa nguvu. Jana alimkamata mpaka nesi akasema "aa!" Nilifurahi kwa maumivu ya mwenzangu, Mungu anisamehe.

Baba amekasirika sana na yule tabibu wa zahanati. Ameandika barua mbili kwa mganga mkuu kwamba kijana yule alimrudisha nyumbani mtoto mwenye usaha kichwani, anyang'anywe kazi. Anataka niweke sahihi. Nimemwambia angoje kwanza.

Uliniuliza jambo la saa. Nesi anakuja na dawa, nitakujibu siku nyingine.

Dada


Kambini, 22 Machi

Shikamoo Dada. Nimekuamkia, maana adabu bado haijaniisha.

Barua zako mbili zimeshuka jana kwa ndege moja, ambayo imelala huku na inarudi leo ikiwa imejaa. Kwa haraka nilifungua ya tarehe 17 kwanza, halafu ya tarehe 9, nikajikuta nimekaa mlangoni pa chumba cha upasuaji namngoja mtoto aliyekwisha kutoka, huku najua yuko kwingine ambako sijui kama ametoka. Leo tarehe 22. Kesho yako ile ya tarehe 18 ina siku nne, na mimi mama yake sijui kama wamemfungua kichwa au hawakumfungua. Ofisini nimeomba redio. Karani anasema mawimbi ni mabovu tangu Jumatano. Nimeunguza mikate mia na kumi. Wajenzi wameila hivyo hivyo bila neno, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Sasa nisikilize. Nilikuuliza kitu kimoja. Umenijibu dawa ya tatu, daktari mfupi, viatu vya Baba, mpaka nesi kusema "aa". Kitu kimoja nilichouliza hukukijibu. Wewe! Wewe ambaye ukiulizwa habari unasema na dakika! Kimya kingi kina mshindo mkuu, Dada, na mimi mshindo nimeshausikia mpaka huku ng'ambo ya mto.

Kama ni tabibu, niambie ni tabibu, nitashuka kwenye ndege na kumshika shati kabla sijafika hospitali. Kama si tabibu, niambie si tabibu. Kwa nini Baba akikuletea karatasi ya kumshitaki huweki sahihi, na pia humwambii aichane?

Habari za likizo yangu usiniulize.

Karani ameniandika kwenye ndege ya tarehe 28. Nitalala mjini, nifike wodini tarehe 29 mchana. Sijui kama nitamwacha tena Chiriku kwako. Nimeandika hivi kwa hasira, lakini sifuti.

Mdogo wako


Hospitali, 28 Machi

Mdogo wangu,

Asubuhi ukungu mpaka saa mbili, kisha jua. Mvua siijui; kipimamvua changu kinasomwa na mwenzangu wa zamu tangu niondoke.

Barua hii siipeleki posta. Kesho utakuwa umekaa kwenye kitanda hiki, nami nitakupa mkononi kisha nitoke nje. Ukinitazama usoni sitaweza kusema. Nakujua unavyotazama, na najijua.

Kwanza habari. Hawakumfungua kichwa. Tarehe 18 lile haragwe lilikuwa vilevile, halikukua. Daktari mfupi akasema, "Tungoje, lakini tungoje kwa macho." Tarehe 21 lilikuwa limepungua. Juzi tarehe 26 alilitafuta kwenye picha kwa ncha ya kalamu kabla ya kuliona. Dawa ya mshipani itaendelea wiki mbili zaidi, kisha ya kumeza, na picha nyingine mwezi ujao, maana kitu kama hiki kinaweza kurudi. Kope bado limelegea kidogo. Kelele zimerudi zote. Jana alimwambia mzee wa kitanda cha jirani, babu wa mgonjwa, kwamba anakoroma kwa herufi kubwa.

Ujumbe wa redio niliutuma tarehe 18 na tarehe 21. Naona haukukufikia. Siku nne hizo sitazisahau kwa niaba yako.

Sasa jibu. Dawa ya homa nilimpa saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa mbili usiku. Nilimpima saa tatu na saa tisa. Saa moja baada ya dawa, kila siku, bila kukosa. Ulilosema la mlango wa tanuri ndilo hilo.

Ingekuwa ni hilo tu, ningekujibu tarehe 17. Kuna zaidi. Usiku wa tarehe 1, kuamkia siku ya zahanati, Chiriku aliniita maji. Nilimshika shingo, ikaniunguza mkono. Niliwasha taa na kumpima. 39.6. Nilikiona kipimajoto kwa macho yangu. Nikamfuta kwa kitambaa cha maji mpaka akatulia, na asubuhi nikaandika 37.1 ya saa tatu. Ile ya usiku sikuiandika. Kituoni tunafundishwa kwamba kipimo kisicho cha saa yake hakiingii kitabuni, kinaharibu wastani. Miaka kumi na tisa nimefanya hivyo kwa mvua na upepo. Nilimfanyia mwanao.

Na zahanati tabibu aliniuliza, "Usiku hali yake?" Nikamwonyesha daftari.

Nilipofika hapa na nesi akaniuliza mara ya kwanza, "Dawa ya homa kapewa saa ngapi?", nilielewa yote papo hapo, nimesimama na mfuko wa nguo mkononi. Tangu hapo daktari amenisifu kwa daftari mara mbili na nimezipokea sifa zote mbili. Baba ameandika barua zake na nimemwachia aandike.

Barua yako ilifika tarehe 24. Siku mbili nilizunguka nayo. Juzi, baada ya picha, nilimfuata daktari wa pua ofisini kwake, nikamweleza kama nilivyokueleza hapa, nikamwomba aandike 39.6 kwenye faili.

Alilivuta faili. Kisha akauliza, "Tarehe ngapi, saa ngapi?"

"Tarehe moja, saa nane na nusu usiku."

Akaandika. Nikamuuliza kama tungekuja tarehe 2 ingekuwaje. Akasema, "Kamasi nzito, mtoto aliyepona kisha akazidiwa, homa ya karibu arobaini: pengine angepewa dawa siku hiyo. Pengine usaha usingevuka. Pengine ungevuka hivyo hivyo; nimewaona waliokuja mapema ukavuka. Sitakudanganya upande wowote." Nilimshukuru. Nilitaka aseme moja kati ya mawili, na hakusema.

Baba nilimwambia kwenye benchi. Aliivua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyepoteza kitu humo. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimemwandikia mganga mkuu uongo wenye muhuri." Akaondoka na basi la mchana kwenda kuzirudisha barua zake. Hajaniambia neno baya.

Jana yule tabibu alikuja mwenyewe, na miwani yake, amebeba machungwa. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza. "Mama, na mimi nilisoma daftari kwanza. Nilipaswa kumwinamisha mtoto, nimbonyeze uso, nikuulize dawa. Nilipenda mwandiko wako." Chiriku akadakia, "Hata mimi naupenda, lakini siuamini." Sikujua tucheke au tusicheke, tukacheka.

Tabibu ameniambia pia jambo ambalo sikuwa natafuta. Anamjua dereva wa lori lenu, na dereva kamwambia zamu yako ya likizo ya Machi ulimpa mwenzako kwa hiari, ili ukaimu ufundi mkuu wa tanuri. Sikuulizi. Uliniambia nisikuulize. Nimekutajia tu ili kesho usikae mbele yangu na mzigo ukidhani sijauona. Niliusoma mara nyingi ule mstari wako, "ndiyo mambo ya kambi". Nina mistari kama hiyo ukurasa mzima.

Ukiamua kumchukua Chiriku, nguo zake zimefuliwa, ziko kwenye mfuko wa bluu. Karatasi ya dawa zake na saa zake nimeibandika ndani ya kifuniko cha daftari, ikiwa na safu mbili, na ya usiku ipo. Ukiamua kumwacha, sitakushukuru kwa maneno, maana nita

MAMA SHIKAMOO. Ni mimi. Mama mkubwa amelalia karatasi na kalamu imeteleza ikachora shuka. Nimeivuta polepole. Sijasoma, ila kidogo. Nesi amesema tusimwamshe kwa sababu tangu tuje hajalala usingizi wa kweli, analala wa kukaa. Yeye kila siku anaandika amelala saa ngapi na leo hajaandika, kwa hiyo naandika mimi. Saa ya wodi iko mbali sana, kule juu ya kabati la dawa. Nimefunika jicho la kulia kwa kiganja, nimetazama na la kushoto peke yake. Amelala saa saba na dakika ishirini na mbili mchana.